Chiriku na Kidole cha Bibi

Kwi, kwi, kwi. Kabla hakujapambazuka, cherehani ya bibi ilianza kulia. Kisha ikanyamaza ghafla.

"Lo! Kidole hiki kitaniua," bibi alinong'ona.

Kwa miaka arobaini fundi huyu alikanyaga pedali kwa ncha ya mguu. Sasa kiungo cha kidole gumba cha mguu huo kilikuwa kimevimba na kukakamaa. Alivaa ndala laini kuliko zote, akidhani ulaini ndio dawa.

Mjukuu wake wa miaka tisa alikuja kumkanda mguu bila kuitwa. Kwa maneno yake mengi, walimwita Chiriku. Lakini mbele ya kitabu, Chiriku alikuwa bubu.

"Jumatatu haendi tena shule," mama yake alisema wakati wa chai. "Kila jioni namkalisha saa mbili nzima kwa ukurasa mmoja. Hakuna kinachoingia! Bora ajifunze cherehani."

"Mwanangu, mpe muda," bibi alimsihi.

"Muda gani, mama? Wenzake wanasoma magazeti!"

Chiriku aliendelea kuukanda mguu wa bibi.

Saa nne, muuguzi wa kituo cha afya alipiga hodi. Alieleza kuwa anawatembelea mafundi cherehani kwa ajili ya utafiti wa viungo vya vidole vya miguu.

"Karibu, mwanangu," bibi alisema. "Kama umefuata kidole, hiki hapa. Kimevimba, huwezi kukikosa!"

Muuguzi alicheka. Alikipima kidole, kisha akaikunja ndala ya bibi kama karatasi.

"Bibi, adui yako ni huyu. Soli ikikunjika, kiungo nacho kinakunjika. Hii ni baridi yabisi. Mto laini ulio kati ya mifupa, uitwao gegedu, umelika. Haurudi kama zamani, lakini maumivu hupungua. Vaa kiatu chenye soli ngumu na mbele papana. Kanyaga pedali kwa unyayo mzima. Na dawa za maumivu, usinywe kila siku bila kumwona daktari."

"Kumbe nilijitesa mwenyewe!" bibi alisema.

Muuguzi alimpa Chiriku karatasi ya maelezo. "Msomee bibi."

Chiriku aliikodolea macho. "Herufi zinanichanganya," alisema kwa sauti ndogo.

"Uvivu huo," mama yake alidakia.

"Basi niambie," muuguzi alimuuliza Chiriku kwa upole, "nilimweleza bibi nini?"

Hapo Chiriku alimwaga maneno yote: soli, unyayo, dawa, hata gegedu! Hakuruka hata moja.

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Dada, huyu si mvivu wala mjinga. Wapo watoto wenye akili nzuri ambao ubongo wao hupata shida kuunganisha herufi na sauti. Wengine hushindwa pia kutulia. Kumkalisha saa mbili ni kama ndala ya bibi. Nia ni njema, lakini njia siyo."

"Tufanyeje?" mama aliuliza.

"Apimwe macho na masikio. Mwalimu aambiwe, ili mtoto apate msaada. Nyumbani, dakika kumi tu, apumzike, kisha kumi tena. Afundishwe sauti moja moja. Mistari mingine ifunikwe kwa karatasi."

Mama alifungua mikono. "Njoo, mwanangu. Nisamehe. Jumatatu tunakwenda shule sote wawili!"

Baada ya miezi minne, muuguzi alirudi na maswali mapya ya utafiti. Bibi alimpokea amesimama, amevaa viatu vya soli ngumu.

"Acha niulize mimi!" Chiriku alisema. Akachukua karatasi, akafunika mistari ya chini kwa kiganja.

"Je, ki-do-le... kina-u-ma... una-po-tembea?"

"Kidogo tu!" bibi alijibu kwa furaha. Mama alipiga makofi mpaka jirani akachungulia dirishani.

Swali la pili lilichukua muda mrefu zaidi. Hakuna aliyemharakisha. Alipolimaliza, Chiriku alifuta jasho.

"Yamebaki manne," muuguzi alisema.

"Nimechoka, shangazi. Napumzika," Chiriku alisema. "Njoo tena kesho, nikusomee yaliyobaki."