Kinanda cha Rudaina

Tap. Tap-tap. Tap.

Inas alifumbua macho gizani. Haikuwa sauti ya muziki. Ilikuwa plastiki kavu, vitufe vya kinanda vikibonyezwa, na kinanda chenyewe alikichomoa kwenye umeme kwa mkono wake kabla ya kulala.

"Midhat. Midhat, amka, kuna kitu sebuleni."

"Panya," mumewe alinung'unika. "Mwambie apige wimbo wa kuchezeka."

Asubuhi vitufe vilinata.

Walikuwa wamekinunua wiki ileile, soko la mitumba pale mtaani Imbaba, kwa ajili ya binti yao Rudaina, mtoto wa miaka minane ambaye hapiti meza bila kuipiga vidole. Muuzaji aliwawekea viwili. Kimoja kipya, chepesi. "Hiki kizuri kwa nyimbo za Wazungu," alisema, "ila nyimbo zetu, binti, nusu ya sauti zake hazimo." Cha pili kilikuwa kizito, cha mpigaji wa shughuli, chenye swichi za kushusha noti robo tu, mpaka zitoke zile sauti zinazouma za nyimbo zao. Rudaina alikikumbatia hapohapo. Inas alisikia marashi makali juu yake, na chini ya marashi harufu nyingine, lakini mtoto alishacheka, utamwambia nini tena?

Mwenye kinanda wa kwanza alikuwa ameacha mdundo wake umehifadhiwa chini ya kitufe chekundu. Mazoezi ya mwalimu wa muziki shuleni yalimchosha Rudaina. Huo mdundo haukumchosha. Aliuwasha, vidole vikautafutia wimbo, vikaupata nusu, vikakosea palepale kila mara. Akacheka, akaanza upya. Kutwa nzima.

Inas akachovya kitambaa kwenye siki, akakipitisha kati ya vitufe. Kilitoka na ute wa kahawia unaovutika kama bamia. Akapitisha tena, likatoka nyoya lililolowa, kisha kipande cha ngozi ya mguu wa kuku, na harufu ikapanda, mtaro wa buchani uliofukizwa ubani. Alitapika kwenye sinki. Kufika adhuhuri ute ulikuwa umerudi, na Rudaina alikuwa akipiga na kulamba, akipiga na kulamba.

"Toa vidole mdomoni!"

"Vitamu, mama."

Siku hiyo mama mkwe, Bi Tafida, alikuja na mikate yake, akausikia wimbo tangu ngazini. Alisimama mlangoni asiingie.

"Nani kamfundisha huo?"

"Umo humohumo kwenye kinanda, mama."

"Ole wako, mwanamke! Huo wa zari, wa kupungia pepo. Kila pepo ana wimbo wake. Akiusikia anakuja, anapewa damu ya jogoo, anachezewa mpaka mwisho. Mwanao anamwita halafu anakatiza. Mgeni kaitwa, kafika, kaachwa amesimama. Mara ngapi?"

"Sijui, mama. Kila siku. Mara nyingi."

"Basi ana njaa," alisema Bi Tafida kwa kunong'ona.

Mpunga pepo, Umm Gharib, alikuja alasiri na jogoo kwapani. Alipokiona kinanda alicheka kidogo, bila furaha. "Cha mpigaji wetu, Mungu amrehemu. Kila jogoo akichinjwa, mpigaji alipakwa damu vidoleni, na hakuruhusiwa kusimama akanawe. Miaka yote hiyo imeingia humu."

"Mfukuze," Inas alimwambia. "Nakuomba."

"Bwana mkubwa hafukuzwi, mwanangu, hushibishwa. Na aliyeuanza ndiye aumalize."

Wakampaka Rudaina vidole damu ya moto, akaanza kupiga, na alipokaribia pale anapokosea kila mara harufu ikajaa chumba mpaka ikawa ladha ulimini, na vitufe vikaanza kuzama kabla hajavigusa, vingine viwili vitatu pembeni ya mkono wake, vikivuta ute, vikiuachia kwa mlio wa midomo inayonyonya mfupa, na Inas akataka kumnyakua mwanawe akimbie naye ila Umm Gharib alimshika kiuno akimnong'oneza asimguse, ukimkatiza sasa anamchukua, asimguse, na mtoto akapita pale pa kukosea, akaenda mbele, kwenye sehemu ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha, mpaka mwisho.

Kimya. Hewa ikawa hewa.

Umm Gharib alikifunga kinanda kwenye shuka akaondoka nacho. "Msimzungumzie bwana mkubwa," alisema mlangoni. "Akizungumziwa huona ameitwa."

Lakini mume ni mume. Inas alimweleza Midhat yote kitandani, na Midhat akacheka, akasema panya wa Imbaba sasa wanaajiri waganga.

Kesho yake mchana walikuwa wawili mezani, Inas na bintiye, na wali na bakuli la mulukhiya, mlenda wa kijani ambao Rudaina hakuugusa. Alikuwa akipiga vidole kwenye meza. Tap. Tap-tap. Tap. Akafika palepale. Akakomea hapo.

Inas alingoja. Mtoto hakuendelea. Harufu ilianza chini ya meza, polepole, na Inas akanyoosha kidole chake mwenyewe, akaumalizia wimbo haraka haraka juu ya mbao, na alipokiinua kilivuta uzi mrefu wa kahawia, na bakuli la mulukhiya lilikuwa upande wa pili kabisa.

Rudaina aliushika mkono wa mama yake, akakilamba kile kidole.

"Anasema umeshamwambia baba," alinong'ona. "Anasema inatosha."

"Mwambie," Inas alisema, "mwambie simwambii mtu mwingine. Wallahi simwambii mtu mwingine."