Posa Kati ya Ndege Mbili

"Mimi nimfuate mwoaji baharini? Judith, umepatwa na nini?"

Mjomba Eustace alitua kiroba cha njegere uani kwa dada yake, mtaa wa Mwembesongo. Alikuwa ameshuka asubuhi hiyo kutoka Mgeta, viatu bado vina udongo wa mlimani.

"Shikamoo kwanza, Mjomba."

"Marahaba. Sasa nijibu."

"Allen anahamishwa kazi, anatoka Omani anakwenda Msumbiji. Jumamosi asubuhi ndege yake inatua Unguja, nyingine inamchukua jioni. Hapo katikati yupo nchini. Akishapita, likizo ni Desemba."

"Na Jumapili nampa Jastin jibu. Nilishasema."

"Jastin simtaki."

"Jastin nimemwona. Kila akipandisha fuso lake kuchukua kabichi anapita kwangu, anasalimu, anakaa. Huyo wenu nimemwona kichwa tu, kwenye simu. Nioze mtu kwa kichwa?"

"Alituma wazee, kaka," alisema mama yake Judith, Cecilia, bila kuacha kuchambua mchele.

"Wakaenda kwa nani? Kwa baba yake!"

Kosa lilikuwa hapo. Allen ni mtu wa Njombe, na kwao binti huombwa kwa baba. Wazee wake walikwenda kwa baba yake Judith, wakanywa soda, wakaagana kwa furaha. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno ni la mjomba. Baba mtu alijua vizuri sana. Alinyamaza ili naye aheshimiwe walau siku moja.

"Wamekosea mlango, hawajavunja nyumba," alisema Cecilia.

"Basi waje kwenye mlango wenyewe. Mjomba hamfuati mwoaji. Mwoaji ndiye humfuata mjomba nyumbani."

Judith akavuta kigoda akakaa mbele yake. Angeweza kumkataa Jastin, lakini bila neno la Mjomba asingeolewa na Allen wala mtu mwingine, labda atoroke. Kutoroka hakutaka.

"Mjomba, Semeni ni nani kwako?"

"Swali gani hilo? Mtoto wa dada yetu mkubwa, Mungu amrehemu."

"Anakaa Kiembesamaki, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Unguja. Ukifika kwake, uko ugenini?"

Mjomba aliangalia njegere zake.

"Alipo binti wa ukoo, ukoo upo," alikiri.

"Basi Allen atakufuata nyumbani kwako."

Cecilia alicheka mpaka mchele ukamwagika.

"Kaka, mpwa wako amekufunga kwa kamba yako mwenyewe!"

"Nitapanda boti?"

"Utapanda."

"Nikizama?"

"Jastin nitamjibu mimi."

Ijumaa jioni Allen alituma ujumbe: "Mpenzi, nimeweka nafasi hoteli ya ufukweni. Tutakula samaki, tutaogelea. Lete nguo ya kuogelea."

Judith alijibu: "Sawa. Wewe vaa suruali ndefu."

Mjomba alitapika tangu boti ilipoiacha bandari ya Dar mpaka ilipofunga Unguja. Alipofika kwa Semeni alilala kwenye mkeka na koti lake mwilini, akisema Kiluguru peke yake.

Uwanjani Allen alitoka na begi moja mgongoni, akamwinua Judith kwa furaha.

"Teksi iko wapi? Twende ufukweni, jua lisitupite."

"Gari lile. Yule ni Abdulmajid, mume wa Semeni. Mjomba anakungoja kwao."

Allen alimshusha.

"Mjomba? Yule wa mlimani?"

"Yupo hapa, anaumwa bahari. Asipokuona leo, kesho anampa Jastin neno la ukoo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema tungoje Desemba."

"Ndiyo, ningesema hivyo!"

"Ndiyo maana sikukwambia."

"Judi, nimekaa mwaka mzima jangwani nikiota siku hii. Siku moja ya raha na wewe. Halafu wazee wana mazungumzo marefu. Nikikosa ndege, kazi imekwenda."

"Ukimkosa Mjomba, mimi nimekwenda. Chagua. Hoteli hiyo au nyumba ile. Mimi sitakubembeleza, napanda gari."

Akapanda. Abdulmajid akawasha injini. Allen alisimama juani, akatazama teksi, akatazama gari. Kisha akafungua mlango wa nyuma na kulirusha begi ndani.

"Sogea," alisema. "Na unifundishe namna ya kusalimu."

"Shikamoo inatosha. Usijisemee. Mwoaji hajisemei."

"Sasa nani atanisemea? Wazee wangu wako Njombe!"

"Mimi," alisema Abdulmajid. "Nami nilimpata Semeni kwa kusemewa. Mzee yule namjua. Usimharakishe tu."

Mjomba alikuwa ameketi wima, koti limefungwa vifungo vyote. Abdulmajid alisema yote kwa adabu, akaomba radhi kwa wazee waliokosea mlango. Mjomba akanywa chai. Akaongeza sukari. Akaikoroga. Allen alikuwa akiitazama saa ya ukutani mpaka Judith akamfinya.

"Una haraka?" aliuliza Mjomba.

"Ninayo, Mjomba. Ndege haingoji."

"Na mimi niliyetapika bahari nzima, ningoje nini? Nina swali moja, ujibu mwenyewe. Judith ana shamba Mgeta, la bibi yake mzaa mama. Mkizaa, hilo shamba la nani?"

Allen aliigeuzia saa mgongo.

"Kwetu lingekuwa langu," alisema Allen. "Lakini sioi kwetu, naoa kwenu. Ni la Judith na ukoo wake. Mimi nikija likizo mnipe jembe. Na watoto wataitwa kwa jina langu shuleni, hilo naliomba."

"Shuleni wawaite wanavyotaka. Kwenye ukoo tunawajua."

Mjomba akatoa simu mfukoni, akapiga.

"Jastin, mwanangu? Eustace hapa. Binti ana mtu. Nimemwona, mzima, mpaka miguu. Kabichi zako zipo, njoo Jumatatu... Eeh? Hapana, bei ni ileile."

Semeni akapiga kigelegele kilichowatoa majirani.

Allen alirudishwa uwanjani mbio, sambusa mkononi. Langoni akamshika Judith mikono yote miwili.

"Hata pwani hatukuiona."

"Pwani haihami. Mchumba ndiye aliyekuwa anahama. Nenda, wanakuita."

Alipokaa kwenye kiti chake ndani ya ndege, kabla hajazima simu, alituma: "Mko wapi?"

Picha ikaingia. Mjomba Eustace amesimama kwenye maji ya bahari, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi, koti bado limefungwa. Chini ya picha Judith alikuwa ameandika:

"Anasema harusi ni Desemba, Mgeta. Na wewe utakuja kwake kwa miguu kuanzia lami inapoishia, maana yeye ameshavuka bahari kwa ajili yako."