Gari Halitoki kwa Mtu Mmoja

Stendi ilikuwa imefurika watu siku mbwa wa kahawia alipojichimbia chini ya meza ya viatu. Mwenye meza, binti wa gauni la njano na ulimi mkali, hakukimbia. Mtumishi wa manispaa alikuwa ameshamnasa mbwa kwa fimbo yenye kitanzi, lakini mwenzake, mzee wa kustaafu kesho, alikuwa bado anahema huko nyuma.

"Dada, nifungulie kizimba pale garini!"

"Kwani mimi nimeajiriwa?"

"Utaajiriwa!"

Akafungua. Na kweli, mzee alipostaafu, akaajiriwa yeye. Kitengo kizima cha mbwa kikawa wao wawili na gari moja kwa mji mzima. Masharti yalikuwa gari halitoki kwa mtu mmoja: mmoja ashike fimbo, mwingine afungue kizimba. Humo garini ndimo walimopendana.

Mwaka wa pili mwanamume akampigia simu. "Dada Viatu, nataka kukuoa."

"Bwana Mbwa, umekula nini leo?"

"Sikutanii, mpenzi wangu."

Binti alifurahi hadi akakosa usingizi. Asubuhi akaenda kuulizia utaratibu kwa afisa utumishi, mama mpole wa miwani.

"Mke na mume hawakai kitengo kimoja, mwanangu. Mmoja atahamishwa. Na siku hizi nafasi ikiachwa wazi, haijazwi."

Wiki ileile mtoto wa darasa la kwanza aling'atwa getini mwa shule. Waliwahi wao wawili, wakamdhibiti mbwa kabla hajamfikia mwingine. Gari lingelala, nani angewahi? Basi akamjibu mpenzi wake kwa mkato: "Siolewi na wewe. Tufanye kazi tu." Sababu akaimeza. Hapo alikosea, na mimi simtetei.

Mwanamume aliumia vibaya. Kuketi naye bega kwa bega kila siku kulimshinda, akaomba uhamisho wa mji mwingine, akaondoka bila kuaga. Nafasi yake haikujazwa. Gari likalala uani, na Dada Viatu akabaki kupokea simu za wazazi na kuwaambia, "Hatuna watu." Miezi minane aliandika kuomba mtu wa pili. Walichofanya wakubwa ni kulivuta gari kulipeleka mnadani.

Siku lilipouzwa alimpigia simu Bwana Mbwa.

"Gari limeuzwa."

"Dada Viatu? Gari gani tena?"

"Letu. Ndilo lililonifanya nikukatae. Tungeoana, mmoja wetu angehamishwa, lisingetoka tena. Niliwafikiria wale watoto."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ungehama siku hiyohiyo ili tuoane."

"Si nilihama vilevile!" Alikuwa analia. "Nilidhani hunitaki."

"Nakutaka mpaka leo. Uko wapi, nije?"



"Niko kwa fundi, napimwa suti. Naoa Jumamosi. Kwao mchumba wangu wameshaalika watu."

"Teremsha mkono, bwana," fundi alisikika, "nikupime bega."

Akauteremsha mkono wenye simu, ikiwa bado hewani.