Asili ya Pipi ya Nyamaza

Duka la jumla lilikuwa limefurika. Watu walibanana kaunta nzima, kila mmoja kanyoosha mkono utadhani vitu vinagawiwa bure. Katikati ya vurugu ile kijana mmoja mrefu, shati la buluu limenyooka mwilini, akapaza sauti:

"Nipe pakiti tatu za Busu la Karani!"

Muuzaji akamkodolea macho. "Busu la nini?"

"La Karani. Pipi nyekundu, ina ndimu ndani. Ina maana hapa bado hamjaletewa?"

Watu wakageuka. Mama mmoja akauliza zinauzwaje. Ndipo msichana aliyekuwa nyuma ya kijana, kakumbatia mfuko wa tangawizi, akaangua kicheko.

"Kaka, pipi hiyo haipo."

"Nani kakwambia?"

"Najiambia mwenyewe. Pipi nyekundu za ndimu zote za mji huu napika mimi, na sijampikia busu karani yeyote."

Kijana akamtazama vizuri sasa: gauni la kijani, kilemba cha njano, mikono imejaa alama ndogondogo za kuungua. Akacheka mpaka akaegemea kaunta. Kumbe walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha pipi. Yeye alikaa ofisi ya juu kwenye feni, kazi yake kuzipa pipi majina, na huko chini jikoni hakuwahi kukanyaga kwa kuogopa joto.

"Jina nalijaribu hivi," alimweleza nje, akiwa kamshikia mfuko. "Nalitaja dukani kwa sauti. Watu wasipogeuka, nalitupa."

"Na mimi nilipogeuka?"

"Wewe sitakutupa."

Loo! Mpishi alijua kabisa kwamba maneno yale yalikuwa ya dukani, lakini alirudi nyumbani anajichekea njia nzima. Mama yake alimuuliza kaokota nini, na yeye akajibu hajaokota kitu.

Kiwandani kijana yule aliitwa Bwana Majina. Kila pipi aliyoipa jina aliiandikia na asili yake nyuma ya karatasi, maneno machache, na watoto wa mji mzima walizisoma kabla ya kutia pipi mdomoni. Simu zikaanza.

"Haloo, Sukari Guru."

"Sukari guru ndiye nani?"

"Mweusi, mtamu, na hajachujwa."

"Wee! Ulimi huo umeuazima wapi?"

"Nimepewa na kiwanda. Haya, leo nikupe asili ya ipi?"

"Ile ya mnanaa. Usingizi wa Mlinzi."

"Aa, hiyo! Mlinzi mmoja alikuwa anamung'unya mnanaa asisinzie kazini. Akalala nayo shavuni, wezi wakaja, wakabeba mpaka viatu alivyovaa. Alipoamka kitu pekee alichobakiwa nacho ni pipi."

Mpishi alicheka hadi machozi. "Kweli hiyo?"

"Ikishachapwa inakuwa kweli, mpenzi."

Angeliyashika maneno hayo! Lakini mtu akishapenda masikio huziba yenyewe, na yeye alikuwa amependa kweli, kupenda kule kwa kuangalia simu hata ukiwa unachota maji.

Jumapili moja, chumbani kwa Bwana Majina, wamekaa sakafuni wanamenya machungwa, Mpishi akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Ile pipi yangu ya tangawizi, ninayokuletea wewe peke yako, nayo ina jina. Inaitwa Nyamaza."

"Nyamaza! Jina zuri. Asili yake?"

Akamsimulia. Baba yake alikuwa akilipwa mshahara Ijumaa, na Ijumaa alirudi amelewa. Mchana wa siku hiyo mama alichemsha sukari na tangawizi kwenye sufuria ndogo. Ufunguo ukisikika mlangoni, aliwasukumia watoto wake wawili, yeye na mdogo wake, chini ya kitanda, kila mmoja na pipi yake. "Hii inaitwa Nyamaza," aliwaambia. "Itakapokwisha mdomoni, na huku yatakuwa yamekwisha." Kisha akafunga mlango wa chumba, akaenda kupigwa. Pipi aliipika ikawa ngumu makusudi ili idumu. Wiki ambazo kipigo kilirefuka, Ijumaa iliyofuata aliipika ngumu zaidi.

"Sikio lake la kushoto halisikii," Mpishi alimaliza. "Watu tunawaambia ni homa ya utotoni. Hata wewe, ukimwona, ni homa."

Bwana Majina alilia, na machozi yalikuwa ya kweli, tusimwonee. Alimshika mikono akaibusu alama zake za moto, moja baada ya nyingine.

Mwezi haukuisha Meneja akataka pipi ya tangawizi. Bwana Majina akashuka jikoni kwa mara ya kwanza, jasho linamtiririka.

"Jina tu, Sukari. Naomba jina. Mama yako awe na kitu chake hapa duniani."

Mpishi alifikiri siku tatu. Aliwaza mama yake akipita dukani na kuikuta kazi ya mikono yake imepangwa mbele ya watu, na moyo ukamlainika. "Jina chukua. Lakini asili ya kwetu usiiguse. Tunga nyingine, ya kuchekesha, kama ya mlinzi."

"Naapa sitaigusa."

Siku ya kusaini Bwana Majina alikuja na karatasi ya makubaliano wakati sufuria kubwa imefika penyewe, sukari imebadilika rangi, na Mpishi na wasaidizi wake wameimwaga mezani wanaivuta. Sukari ikifika hapo haisubiri hata dakika. Ukiiacha inaganda, na kazi ya asubuhi nzima inakwenda na maji.

"Sahihi, mpenzi. Mtambo wa kuchapa unangoja."

"Nisomee basi."

"Sukari yako inaganda."

Kweli ilikuwa inaganda. Alifuta kidole kwenye aproni, akasaini pale alipoonyeshwa, akarudi mbio kwenye meza. Bwana Majina akambusu kwenye kipaji cha uso, mbele ya jiko zima, na wasaidizi wakapiga vigelegele.

Uzinduzi ulifanyika kwenye bwalo la kiwanda. Maputo ya njano, muziki, waandishi wa habari, trei za pipi kila meza. Mama alivaa gauni la zambarau lililoshonwa kwa siku hiyo, akaketishwa mstari wa mbele. Bwana Majina, suti nyeusi na tai ya rangi ya tangawizi, alikuja kumwamkia kwa unyenyekevu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiwe unayemlia mwanangu chenji za simu?"

Wakacheka. Mama akachukua pipi moja, akasoma jina, akatabasamu hadi mwanya ukaonekana. Halafu akaigeuza. Alivaa miwani. Mpishi aliona tabasamu likimtoka mama yake taratibu, naye akainyakua pipi nyingine kwenye trei akasoma:

*Baba mmoja mwenye upendo, kila Ijumaa akitoka kupokea mshahara, alimpikia binti yake pipi ya tangawizi. Binti alilia kwa furaha. Baba akamwambia: Nyamaza, mwanangu, baba amerudi.*

Kabla hajasema neno, Bwana Majina alikuwa jukwaani na kipaza sauti.

"Ndugu zangu, asili hii ina mwenyewe, na tumempata! Nilimwendea kwa adabu, nikamwomba mkono wa binti yake, amenikubalia. Mzee, karibu!"

Akapanda mzee mmoja mwembamba, koti la kuazima, kofia ya kiwanda kichwani, anapunga mkono. Alikuwa baba yake Mpishi; miaka ishirini yeye na mama yake hawakuwa wamemtia machoni. Watu walipiga makofi. Bwana Majina akapiga goti, pete mkononi.

"Sukari Guru, unaniacha nikiwa nimepiga goti?"

"Nya-ma-za! Nya-ma-za!" bwalo zima likaimba, kama walivyofundishwa kwenye tangazo.

Mpishi alisimama. Mkono wa mama yake ukamdaka kiganja. "Nyamaza, mwanangu," alinong'ona. "Watu wanatuangalia."

Hakunyamaza. Alipanda jukwaani, akampokonya mchumba wake kipaza sauti, akasema yote: Ijumaa, ufunguo, kitanda, pipi ngumu, sikio. Alisema huku akimwangalia mzee yule machoni. Bwaloni lilisikika puto moja tu likipigwa na feni.

Mzee akavua kofia. "Mama yenu naye alikuwa na mdomo," alisema.

Na mtu mmoja kule nyuma akacheka. Kicheko kifupi tu, lakini mama alikuwa amegeuzia huko sikio lake zima.

Mpishi alimkuta mama yake nje getini, anatembea haraka, gauni jipya amelikusanya mkononi.

"Mama, nilikuwa nakutetea!"

"Miaka ishirini nimesema ni homa. Uongo ule nilikuwa nao mimi, nimeulea mimi, na umenivusha. Nani alikwambia nataka kutetewa?"

"Lakini yule mwanamume ameandika..."

"Na yule naye anasema anakupenda. Wewe nawe unasema unanipenda, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nani alimpa habari za nyumba yangu?"

Jibu lilikuwa Mpishi mwenyewe.

Aliacha kazi. Kiwanda kikanunua mashine ya kuvuta sukari. Magazeti yalisimulia kisa kizima, na badala ya pipi kufa, ikauzika maradufu. Mtaani wanawake walimpa mama pole asizozitaka, na waliozoea kuzungumza naye kawaida sasa walimwinamia wakapaza sauti upande wa kushoto, wapate kuhakikisha kama kweli halisikii. Mama na binti waliishi nyumba moja wakiongea habari za chumvi na mafuta ya taa tu.

Mwezi wa pili baada ya uzinduzi, jioni, simu ikalia. Mpishi alikuwa hajaipokea namba ile tangu bwaloni. Leo alipokea.

"Sukari. Usikate, nakuomba. Nimebadilisha asili. Nimeandika ukweli."

Akamsomea. Palikuwa na kitanda, palikuwa na sufuria, palikuwa na mama anayefunga mlango. Hakuongeza chumvi hata kidogo. Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika, na Mpishi alilia, kwa sababu bado alimpenda na sauti ile ilijua njia.

"Inachapwa kesho," alisema Bwana Majina. "Kila pakiti. Mama yako atajulikana mpaka ng'ambo. Rudi, mpenzi. Pete ninayo mfukoni, natembea nayo kama kichaa."

"Nikuulize kitu kimoja?"

"Hata mia."

"Siku ile ya sahihi. Wakati ule uliuchagua?"

"Nilijua ungesoma ungekataa," alisema Bwana Majina. "Nilifanya kwa ajili yetu."

Mpishi akakata. Muda huohuo mlango ukafunguliwa, mama akaingia na kikapu. Alitoa mkate, akatoa sabuni, kisha akaweka mezani pipi mbili za karatasi ya njano.

"Dukani hawana chenji," alisema. "Siku hizi kila nikienda wananipa hizi."

Mpishi aliinuka azitupe. Mama akamshika mkono, akamkalisha. Akamenya moja, akaitia mdomoni mwake mwenyewe. Akaimung'unya polepole, macho yametazama ukuta.

"Sikuwahi kuionja," alisema. "Nilikuwa napika mbili tu."

Simu ikaanza kulia tena katikati ya meza. Mama akausogeza mkono hadi kwenye pipi ya pili, akamsukumia binti yake.

"Usipokee. Kula."

Mpishi akala. Simu ililia, ikakoma, ikalia tena, na wao wakakaa hivyo hivyo hawasemi neno. Mashine haikujua kuipika ngumu. Pipi ziliwaishia mdomoni na simu bado inalia.