Fundo la Kitambaa Cheupe

Hadi leo Raymundi hapendi kulitaja jina la mji ule wa jangwani. Akiulizwa anasema "kule", na uso unamkunjamana kama mtu aliyefunua chungu akakuta mboga iliyochacha. Lakini ni kule, kwenye foleni ya uwanja wa ndege, ndiko alikokutana na Pelagia.

Foleni yenyewe ilikuwa na watu kama mia tatu, imejipinda mara sita kati ya kamba nyeusi, na kila mmoja alikuwa amejimwagia manukato yake. Harufu zile zilishikamana hewani mpaka Raymundi akahisi anazilamba. Nje jua lilikuwa likilainisha lami. Ndani kulikuwa na baridi ya kugonganisha meno. Alikuwa mwuza asali wa Chemchem, Tabora, mwenye miaka hamsini na minne, mgane kwa miaka sita sasa, na alivaa suti yake ya kaki ya mikono mifupi iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama yenyewe. Alijikumbatia, akanung'unika kwa Kiswahili akiamini hakuna wa kumwelewa.

"Hiki ni chumba cha maiti."

"Na maiti wenyewe ndio sisi," ikajibu sauti ya mwanamke nyuma yake.

Akageuka. Mwanamke wa makamo, mweusi wa kung'aa, gauni la kitenge cha kijani na manjano limemkaa vizuri kiunoni, na mabegani amejitanda blanketi jepesi la kwenye ndege. Raymundi akamuuliza kama waliruhusiwa kushuka nalo. Mama yule akasema hakuulizwa naye hakuuliza.

Walisalimiana kwa Kinyamwezi, mwangaluka, kama watu wa nyumbani, na kabla foleni haijapinda tena walikuwa wamekwisha kujuana. Pelagia alizaliwa Puge, akaolewa Tabora mjini, mumewe akafariki, naye akabaki mtaa wa Ng'ambo akipika kwenye harusi na mikutano. Alikuwa na daftari mkobani. Alikuja kujionea jinsi hoteli kubwa zinavyolisha watu elfu kwa mara moja. Raymundi alilipiwa safari na binti yake Levina, muuguzi wa Dar es Salaam, ili baba apumzike na kuona dunia. Wote wawili walikuwa katika kundi moja la watalii kumi na mmoja, waliokusanywa na wakala wa safari bila kufahamiana.

"Kumbe wewe ndiye mwenye asali," Pelagia alisema. "Niliwahi kununua chupa yako. Nilikuta bawa la nyuki."

"Ulipata na kitoweo, mama, na hukurudi kushukuru."

Pelagia akacheka mpaka ofisa wa uhamiaji akainua macho.

Siku ya kwanza waliingizwa kwenye jumba la vioo lenye barafu ya kutengenezwa. Watu wazima waliteleza juu yake wakipiga kelele, ilhali ng'ambo ya kioo wanaume waliovaa ovaroli walikuwa wakifagia mchanga barabarani. Wakifagia, upepo unaurudisha. Mmoja alikuwa amechuchumaa, ameegemea kioo, anautafuta ubaridi kwa shavu. Mtalii mmoja akampiga picha. Raymundi akahisi mate yamemjaa mdomoni, mate machungu. Alipomtazama Pelagia, akamwona naye amejiziba pua kwa upindo wa kitenge, ingawa pale hapakuwa na harufu yoyote.

Siku ya pili wakapelekwa jangwani kupanda ngamia. Ngamia walikuwa wamevishwa shanga na vishada vya nyuzi nyekundu, lakini magoti yao yalikuwa yamechunika kwa kupigishwa magoti siku nzima, na inzi walitua pale kwenye wekundu. Raymundi akasema yeye hapandi. Kiongozi wa kundi akamsihi, kwamba safari imekwisha kulipiwa. Raymundi akasema basi apande aliyelipa. Pelagia naye akashuka kabla mnyama hajainuka, akaja kusimama kando yake juani mpaka basi lilipokuja.

Usiku ule simu ya chumbani kwa Raymundi ikalia.

"Mzee wa nyuki, umelala?"

"Usiniite mzee."

"Nikuiteje?"

"Jina ninalo."

"Haya, Raymundi." Akalitamka polepole, kama anaonja chumvi. "Mimi nilidhani ni mimi tu ninayechefukwa. Nikajiambia labda ni ushamba wa Puge."

"Kama ni ushamba, basi na mimi mshamba."

Waliongea muda mrefu, yeye ghorofa ya tisa, mwenzake ya kumi na nne. Raymundi alishangaa ilikuwaje miaka yote hiyo hawakukutana, na Chemchem na Ng'ambo ni mahali pa kutembeleana kwa miguu. Pelagia akajibu kwamba alikuwa akiogopa nyuki. Alipoweka simu, Raymundi alikaa kitandani akitabasamu peke yake. Miaka sita alikuwa akipika chai ya mtu mmoja. Sasa akaanza kuhesabu vikombe viwili, na akaazimia kwamba wakifika nyumbani atatuma mtu kwa wazazi wa Pelagia.

Jioni ya tatu ikaharibu kila kitu.

Walikula kwenye ukumbi wenye meza ndefu za kujipakulia. Kondoo wazima walilazwa kwenye sinia, vichwa juu, wamewekewa limau mdomoni. Katikati palichongwa ndege wa barafu, anayeyuka taratibu, maji yanamdondoka mdomoni kama mtoto mwenye mafua. Watu walijipakulia kama wanaohama nyumba. Walirundika, wakaonja, wakasukuma sahani pembeni, wakaenda kurundika tena. Mama mmoja aliyesheheni bangili alizima sigara kwenye bakuli la wali mweupe usioguswa. Pelagia alifungua daftari lake, kisha akalifunga bila kuandika.

Mhudumu alimkatia Raymundi paja la kondoo, kubwa, limenona. Raymundi alikula wali na kachumbari, akamega kipande kidogo cha nyama, na lile paja lenyewe akalisogeza ukingoni mwa sahani.

Hapo inabidi kueleza Raymundi alilelewaje. Kwao, mgeni akiandaliwa hamalizi. Kipande kizuri anakibakiza, kwa sababu anajua waliopika wako jikoni, na watoto wako nyuma ya mlango wanasubiri chombo kirudi. Tena hatangazi. Ukitangaza umejisifu, na ulichotoa hakina maana tena. Raymundi alikuwa amewaona wahudumu wa pale, wembamba, macho yamewaingia ndani, akafikiri wanapata chakula chao kwa namna ileile.

"Umeshiba?" Pelagia aliuliza.

"Nimeshiba."

"Na hiyo nyama?"

Watu wa meza nzima walikuwa wakisikiliza. Raymundi akaona haya.

"Hiyo iache," alisema.

Uso wa Pelagia ulijifunga kama duka. Akainuka, akachukua mkoba, akaondoka bila kuaga. Raymundi alidhani amechoshwa na ukumbi. Yeye akachukua kitambaa cheupe cha mezani, akalifunga lile paja kwa fundo, kama mama yake alivyokuwa akifunga, ili atakayelipata ajue halikuliwa wala halikutemewa mate. Akaliacha juu ya sahani.

Alfajiri alitoka kutafuta hewa ya kweli. Akazunguka nyuma ya hoteli, na harufu ikampokea kabla hajaona kitu: mafuta yaliyooza, samaki, na juu yake ukali wa dawa ya kung'arishia nguo unaochoma macho. Mapipa yalikuwa mengi kuliko mizinga yake yote ya msituni. Mwanamume mmoja, mwosha vyombo, Mkongomani aliyekijua Kiswahili, alikuwa akimwagia pipa la mwisho ile dawa kwa dumu. Raymundi akamuuliza anafanya nini. Yule bwana akasema ndiyo amri, chakula kinaharibiwa ili asipatikane wa kukila. Wao wanapewa wali na dengu chini, kwenye chumba kisicho na dirisha, na anayekutwa na kipande cha nyama mfukoni anafukuzwa.

Na kwenye pipa lile, juu kabisa, Raymundi akaliona fundo lake. Halikufunguliwa. Kitambaa kilikuwa kimelowa, na damu na mafuta ya kondoo vilikuwa vikichuruzika kwa rangi ya usaha.

Alitapika palepale, akishika ukuta, suti yake ya kaki ikachafuka. Mkongomani akamletea maji kwenye kopo.

Raymundi asingeweza kumwambia mtu. Aliona kama yeye ndiye aliyefanya uchafu ule, kama mkono wake umeshika kile kitambaa ukashindwa kunawika. Kwenye ndege alikaa akitazama mabawa. Pelagia alikaa safu nne mbele na hakugeuka. Dar es Salaam waliagana mlangoni mwa uwanja wa ndege. Alipompa mkono, Pelagia akagusa ncha za vidole tu.

"Safari njema, bwana mkubwa," alisema.

Lile "bwana mkubwa" lilimwingia Raymundi kama mwiba wa samaki, na hakujua amekosa nini.

Alipofika Tabora alimpigia Pelagia simu. Ikapokelewa na Koleta, mdogo wake Pelagia, msema kweli kupita kiasi.

"Shikamoo. Dada amesema hayupo."

"Marahaba. Amesema mwenyewe?"

"Ndiyo, yuko hapa, anachambua mchele."

Alipiga tena kesho yake, na keshokutwa. Mara ya tatu Koleta akamwambia kwa huruma kwamba kama angekuwa yeye, angekuja mwenyewe, maana simu haioni aibu. Raymundi akapeleka kwanza ndoo ya asali. Ikarudishwa mchana uleule, kifuniko hakijaguswa.

Wiki mbili akashindwa kula vizuri. Kila alipoona nyama alilinusa pipa. Ndipo Jumamosi moja, akijua kuna harusi Ng'ambo, akavaa shati jeupe, akaenda.

Alimkuta uani nyuma ya nyumba, kati ya masufuria manne ya pilau, kanga imefungwa kifuani, kilemba kimelegea, macho mekundu kwa moshi. Alikuwa mzuri kuliko siku ya foleni. Koleta alikuwa akimenya vitunguu pembeni, akaacha kumenya.

"Nimekuja kuuliza kosa langu," Raymundi alisema. "Ukishaniambia, nitaondoka."

Pelagia aliendelea kukoroga. Kisha akasema bila kumtazama, kwa sauti ya chini, na kila neno lilikuwa limekaa tayari siku nyingi. Alisema mwaka wa njaa kule Puge, mama yake alichemsha majani ya porini. Mdogo wao Xavery alikuwa na miaka minne. Alikuwa akilamba chungu kitupu, na siku moja wakamkuta amelala na chungu, hakuamka tena.

"Mimi chakula hakitupwi mbele yangu," alisema. "Wale wengine kule niliwaona, nikasema hawa hawajui. Lakini wewe ulikataa ngamia. Wewe nilikuwa nimeshaanza kukupenda, Raymundi. Nikakuona unasukuma paja zima, unaniambia hiyo iache, kama mtoto wa mfalme. Nilikuonea kinyaa. Bado nakuonea."

Raymundi alikaa juu ya gogo. Akamweleza. Alieleza ya mgeni asiyemaliza, ya waliopika na waliosubiri, na kwamba alikuwa amewabakizia wale wembamba wa jikoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Jambo kama hilo linasemwa?"

Kwao Puge pia halisemwi. Pelagia alilijua hilo, na kule kwenye ukumbi wa chakula alikuwa amelisahau.

Raymundi hakuishia pale. Alimweleza na ya alfajiri, ya dumu, ya fundo lililolowa. Alipofika kwenye rangi ya ule mchuruziko, Pelagia aliweka mwiko chini, akakaa naye kwenye gogo.

"Wanamwagia dawa," alisema.

"Wanamwagia."

"Ili mtu asile."

"Ili mtu asile. Tangu siku ile sijanawika, Pelagia. Nanawa, bado nanuka."

Pelagia akamchukua mkono, ule wa kulia. Akaupeleka puani kwake, akaunusa bila haraka, kama anavyonusa mchele kabla ya kuununua.

"Hunuki," alisema. "Unanukia nta."

Koleta akapangusa macho, akasingizia vitunguu.

Raymundi hakuwa amejiandaa kwa maneno mazuri. Alisema tu kwamba ana nyumba ya vyumba vitatu na anaishi kimoja, kwamba mizinga yake iko mbali na makazi kwa hiyo asiwe na hofu ya nyuki, na kwamba anataka waoane, kama naye anataka.

Pelagia aliinuka akapalia moto, akarudi.

"Baba yangu yuko Puge. Jumapili ijayo, baada ya misa, uje na mtu mzima mmoja. Usilete zawadi ya kule hata moja."

"Nilizitupa zote Dar es Salaam."

"Vizuri. Ila ujue ni mkali. Hatakuuliza mali yako. Anajua tulikokutana, na ameniuliza mara kumi kule kukoje, na mimi nimeshindwa kusema. Atakuuliza wewe. Utamwambia nini?"

Raymundi akafikiri. Akafikiri maghorofa, taa, barafu, ndege anayedondokwa na maji mdomoni.

"Nitamwambia kunanuka."

Pelagia alicheka, kisha machozi yakamtoka akiwa bado anacheka, akayafuta kwa upindo wa kanga ile yenye masizi.

"Mwambie hivyohivyo," alisema. "Usiongeze neno."