Siku Kipa Alipopimwa

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili Juni, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, fundi seremala alipompima mdogo wake. Tangu saa hiyo nyumba yao haikurudi ilivyokuwa.

Hakwenda uwanjani kwa ajili hiyo. Alitumwa na katibu wa ligi akapime goli. Wageni waliokuwa wacheze fainali na timu ya mtaa Jumamosi walikuwa wamelalamika kwamba goli limepunguzwa, eti mpira hauingii. Fundi akafunga karakana, akapangusa vumbi la mbao miguuni, akachukua tepu yake ya kupimia. Alikwenda taratibu, amechoka kama mtu aliyebeba magogo kutwa nzima. Na kweli alikuwa ameyabeba.

Mdogo wake alikuwa golini, akikusanya mipira ya mazoezi. Ndiye aliyekuwa kipa. Mtaani walimwita Kisoda, kizibo cha chupa ya soda, kwa ufupi wake. Akisimama na kaka yake, kichwa kilimfika begani tu. Lakini washambuliaji walisimulia mengine. Walisema ukibaki wewe na yeye, goli linajaa mtu. Mabega yanagusa nguzo zote mbili, na mikono haina mwisho. "Ni kama kupiga mpira kwenye kabati," alisema mmoja, na tangu siku hiyo akaacha soka.

Watu wakasema ni uchawi. Mama yao, mjane asiyekosa ibada, akawa anakaa benchi peke yake kanisani. Aliokuwa akikaa nao walihamia la nyuma, mmoja mmoja, kwa adabu.

Hilo ndilo lililomla fundi moyo. Habari za mpira hazikumsumbua. Za mama, ndiyo.

Nahodha wa wageni alikuwa amefika kushuhudia. Fundi akapima mbele yake. Nguzo hadi nguzo, futi ishirini na nne. Chini hadi mtambaapanya, futi nane. Hakuna kilichopungua.

"Basi mpime na huyu," nahodha akasema, akicheka. "Kisoda gani hiki kinaziba pipa zima?"

Kisoda hakucheka. Alimsogelea kaka yake mpaka pumzi zao zikakutana.

"Kaka," akanong'ona. "Niombe lolote. Kunipima, usinipime."

"Kwa nini?"

"We acha tu..."

Kila seremala anajua kwamba mtengeneza majeneza hampimi mtu aliye hai. Fundi, ambaye majeneza ya mtaa yalitoka karakanani kwake, aliwaonya hivyo wote aliowafundisha kazi. Lakini akilini alimwona mama kwenye lile benchi tupu. Akafikiri, namba moja tu ikisomwa mbele ya shahidi, midomo ya watu itafungwa.

"Simama kwenye nguzo, mdogo wangu. Tuyamalize."

Kisoda akasimama. Fundi akakanyaga ncha ya tepu, akaivuta juu hadi utosini.

Futi tano na inchi mbili.

"Haya, soma mwenyewe," akamwambia nahodha. "Mtu kama watu."

Nahodha hakusoma. Alikuwa anatazama nyuma ya Kisoda, ndani ya goli. Nyavu zilikuwa zinatikisika. Upepo haukuwepo. Ikaja harufu ya udongo uliotoka kufukuliwa... kisha sauti. Mtu anashusha pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu aliyesimama miaka na sasa ameambiwa asogee.

Nyavu zikatulia.

"Umeshanipima," Kisoda akasema. Hakuwa na hasira. Alikusanya mipira yake, akaenda nyumbani.

Jumamosi walifungwa matano. Safari hii washambuliaji waliona mtu mfupi tu golini, wakacheka, wakapiga. Watazamaji nao wakazomea. "Kisoda, fungua macho!" Fundi peke yake ndiye hakuzomea, kwa sababu alikuwa ameona kitu. Mdogo wake alikuwa anachungulia. Mara kulia, mara kushoto, mara ananyoosha shingo, kama mtu aliye nyuma ya ukuta anayetaka kujua barabarani kuna nini. Mpira ulimpita mashavuni naye hakuinua mkono.

Usiku wa Jumapili homa ikampanda. Daktari hakuona ugonjwa. Jumanne mchana, jua likiwa kali dirishani, fundi aliketi kitandani pake na kumwuliza alikuwa amefanya nini.

"Sikwenda kwa mganga, kaka. Naapa. Mwaka wa kwanza golini niliogopa tu. Walikuwa wananicheka. Nikabaki uwanjani jioni, nikiinua mikono, nikisema laiti wangeniona mkubwa..." Alivuta shuka mpaka kidevuni. "Nikahisi mtu akiinua mikono nyuma yangu. Akasema, nitasimama nyuma yako, wakikutazama wataniona mimi. Lakini siku wakijua kimo chako, nitakuja mbele."

"Ni nani?"

"Sijawahi kugeuka."

Nje jirani alikuwa anatwanga, twii... twii...

"Kaka, mwambie asogee basi. Sioni dirisha."

Fundi akageuka. Kati ya kitanda na dirisha hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa limejaa chumba chote, isipokuwa usoni mwa mdogo wake. Usoni palikuwa na kivuli.

Fundi alipiga magoti akasali zaburi zote alizozijua. Akarudia. Alasiri kivuli kilikuwa kimefika kifuani. Kabla ya magharibi Kisoda akakata roho.

Jeneza alilitengeneza mwenyewe. Hakuhitaji kupima. Namba alikuwa nayo.

Alikata mbao za futi tano na inchi tano, akapiga randa polepole, kama anayetaka kazi isiishe. Mdogo wake alilala humo vizuri, na nafasi ikabaki. Siku ya maziko nahodha wa wageni alikuja na wenzake watano, wote washambuliaji waliowahi kukutana na Kisoda, wakaomba kubeba. Vijana wenye nguvu zao. Kabla hawajafika langoni mwa makaburi walikuwa wamelitua chini. Wakaomba wengine wanne. Hata kumi walisimama mara tatu njiani.

Nahodha alimgeukia fundi, jasho likimchuruzika.

"Fundi," akanong'ona. "Humu tumebeba wangapi?"

Fundi akaingiza bega lake chini ya jeneza. Alikuwa amekipigilia kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, na ndani alikuwa ameona mtu mmoja.

Jioni, waombolezaji walipoondoka, mama alimwita, akamshika mkono wenye malengelenge ya randa.

"Mwanangu, kwenye lile sanduku... ulimwachia nafasi?"

"Nilimwachia, mama. Inchi tatu."

"Hakubanwa?"

Mama akamtazama, naye fundi akashindwa kumtazama.

"Tusali, mama," akasema.

Wakapiga magoti, mjane na mwana aliyebaki, wakasema pamoja: Ee Mungu wa rehema, mpokee mtoto wetu. Umwone alivyo, mdogo kama ulivyomuumba, wala asihitaji kuwa mkubwa mbele zako. Umpe raha ya milele, na asisimame yeyote kati yake na nuru yako. Amina.