Mawe Meupe ya Mlimani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Mpelelezi alikuwa na kazi tatu: kufagia uani, kuchemsha maji ya kuoga ya mdogo wake, na kumchunguza jirani. Kazi mbili za kwanza alipewa na mama. Ya tatu alijipa mwenyewe, na ndiyo aliyoifanya kwa bidii zaidi.

Jina hilo la utani alibandikwa na mama yake, mkunga wa zahanati, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuna jambo lililompita. Sasa alikuwa darasa la sita, na walikuwa wamehamia mji huu majuzi tu, baada ya mama kupata uhamisho. Katika mji mgeni Mpelelezi hakumwamini mtu. Mwenye duka alipima sukari haraka mno. Mwalimu mkuu alicheka kupita kiasi. Lakini aliyemtia shaka kuliko wote alikuwa kinyozi wa nyumba ya pili.

Kinyozi alitoka nyumbani umande haujakauka, ndoo yenye mfuniko mkononi, akashika njia ya mlimani. Aliporudi mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwiko, na kabla ya kuvuka barabara aliangalia kulia na kushoto. Ni kweli kwamba kila mtu mwenye akili huangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara, ila Mpelelezi hakutaka kuyasikia hayo.

"Shikamoo," alimwamkia siku moja, ufagio mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama. Unatoka wapi asubuhi yote hii?"

"Kwenye shughuli zangu," alijibu kinyozi, akapita.

Shughuli gani? Duka lake la kunyoa lilikuwa chini, karibu na shule. Huko mlimani alikuwa akimnyoa nani, mbuzi?

Jumamosi iliyofuata, mama alipokuwa zamu, Mpelelezi alipanda mlima peke yake. Mlima wenyewe ulikuwa mzuri, lazima tuseme ukweli. Nyasi zilimfika kiunoni, upepo ulikuwa mwanana, na udongo ulimetameta. Aliinama akaokota kipande chembamba kilichong'aa mfano wa kioo. Alipokikwangua kwa ukucha kikabanduka ngozi baada ya ngozi. Kila mahali vilikuwepo. Alijaza kiberiti kitupu. "Fedha," alijinong'oneza. "Au vioo vya madirisha ya watu."

Mbele kidogo aliona mawe makubwa yaliyopakwa chokaa, yamepangwa kwa duara. Ndani ya duara hapakuwa na kitu ila nyasi ndefu kuliko zilizokuwa nje. Huku akaona duara jingine, na kule jingine tena. Mpelelezi hakuingia ndani, kwa kuogopa mwizi asije akaona nyayo zake. Maana sasa alikuwa na hakika kabisa: hizo zilikuwa alama za mahali palipofukiwa vitu vya wizi.

Ushahidi wa mwisho ulijileta wenyewe. Alipofika nyumbani alitafuta ndoo yao ya mfuniko mwekundu, ile yenye mpini ulioungua, asiione. Jumatatu asubuhi aliiona mkononi mwa kinyozi.

Alitaka kumwambia mama, lakini mama alikuwa amekesha zahanati na macho yamemvimba kwa usingizi. Tena, kusema kweli, Mpelelezi alitaka sifa. Aliona jinsi watu wa mtaa mzima watakavyojaa uani kwao kumpongeza. Basi akanyamaza, akafanya jambo ambalo kwake lilionekana la akili nyingi sana. Siku hiyo baada ya shule alirudi mlimani, akayabingirisha mawe ya duara moja lililokuwa karibu na mti uliokauka mpaka penye nyasi fupi, akayapanga upya huko. Mikono ilimchubuka, mgongo ukamuuma, lakini alishuka mlima akitabasamu. Mwizi akichimba, atachimba pasipo na kitu!

Kesho yake, wakati wa mapumziko, msichana waliyekaa naye dawati moja alimfuata na stori zake. Huyo aliitwa Redio, na hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Leo twende mlimani kucheza mpira," alisema Redio. "Wadogo wa darasa la kwanza na la pili wametoka mapema, wameshatangulia. Hata mdogo wako nimemwona."

"Kule?" Mpelelezi aliuliza kwa sauti ya chini. "Hamumwogopi yule kinyozi?"

"Tumwogope ana nini? Yeye ndiye anayepaka mawe."

"Mawe ya nini?"

Redio alimkodolea macho. "Wewe, unatania? Mawe ya mashimo! Zamani watu walikuwa wanachimba ulanga kule, vile vitu vinavyong'aa. Mashimo marefu hayo, ukidondosha kitu unasubiri kukisikia kikifika chini. Majani yamefunika juu, huwezi kuyaona. Kwa hiyo penye mawe meupe hatukanyagi. Pasipo na mawe, unakimbia unavyotaka. Hata mtoto wa chekechea anajua!"

Mpelelezi aliziona akilini zile nyasi ndefu alizoziacha wazi, bila jiwe hata moja, na mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Tumbo kwa jinsi alivyopenda kula, akikimbia juu yake.

Hakuomba ruhusa. Alitoka getini mbio, Redio nyuma yake akipiga kelele, "Unaenda wapi? Kengele imelia!"

Kwenye njia panda alisimama kidogo, anahema. Njia ya kulia ilikwenda mlimani. Ya kushoto ilikwenda dukani kwa kinyozi. Kama angepanda peke yake, angeyarudisha mawe na pasingekuwa na mtu wa kujua. Lakini angeyarudisha wapi hasa? Nyasi ndefu zilificha ukingo wa shimo, na jana alikuwa na haraka. Kinyozi peke yake ndiye aliyejua kila shimo lilipo. Na ili kumwambia, ilibidi amwambie yote.

Alishika njia ya kushoto.

Kinyozi alikuwa katikati ya kazi. Kwenye kiti alikaa fundi viatu wa mtaani, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado msitu.

"Nimeyahamisha mawe," Mpelelezi alisema mlangoni, maneno yakimtoka kwa kwikwi. "Mawe ya duara lililo karibu na mti uliokauka. Nilidhani wewe ni mwizi. Nilidhani umefukia vitu. Na watoto wako kule, na mdogo wangu yuko kule."

Mkasi ulianguka sakafuni. Kinyozi hakumuuliza swali hata moja. Alitoka mbio kama alivyo, na fundi viatu naye akatoka, kitambaa kikipepea mgongoni na kichwa chake nusu kwa nusu. Siku nyingine mtaa mzima ungecheka mpaka ulie. Siku hiyo watu waliwapisha tu njia.

Walipofika juu, watoto walikuwa wanacheza. Mpira ulipigwa, ukadunda, ukaelekea zile nyasi ndefu karibu na mti mkavu. Watoto wote wakaufuata.

"Jiweee!" alipiga ukelele kinyozi.

Watoto wote waliganda palepale, mmoja hata mguu ukiwa hewani. Hivyo ndivyo walivyofundishwa tangu walipoanza kutembea: ukisikia "jiwe" mlimani, unasimama. Wote waliganda isipokuwa mmoja. Tumbo alikuwa mgeni. Neno lile kwake halikuwa na maana yoyote, na kwa kuwa wenzake wamesimama, aliona mpira sasa ni wake peke yake. Akaongeza mbio, anacheka.

"Jiwe! Jiwe!" watoto walipiga kelele. Tumbo hakugeuka.

Mpelelezi alivuta pumzi yote aliyokuwa nayo. Alijua jambo moja kuhusu mdogo wake ambalo mji mzima haukulijua.

"Tumbo! Chakula tayari!"

Tumbo alisimama. Akageuka.

"Chakula gani?" aliuliza.

Nyuma yake mpira uliingia kwenye nyasi, ukatoweka. Ukimya ulidumu, ukadumu, kisha kutoka chini kabisa ikasikika sauti ndogo ya kitu kuanguka majini.

Kinyozi alizunguka kwa uangalifu, akamshika Tumbo mkono, akamtoa kwa njia salama. Mpelelezi alimkumbatia mdogo wake akalia kwa sauti, wala hakujali nani anamtazama. Tumbo naye alilia, ila yeye ni kwa sababu chakula chenyewe hakikuwepo.

Waliyarudisha mawe siku hiyohiyo. Kinyozi alionyesha mahali, fundi viatu na watoto wakubwa waliotoka shule wakabingirisha. Kazi ilipokwisha kinyozi alikaa chini, akapangusa jasho.

"Kwa hiyo uliniona mwizi," alisema.

Mpelelezi aliinamisha kichwa. "Nilikuona na ndoo yetu. Nisamehe."

Ilimuuma kinyozi, na hakuficha kwamba ilimuuma. "Shimo hili alilichimba baba yangu," alisema. "Alikuwa kijana. Walikuja watu wenye kampuni yao, wakawapa kazi vijana wa hapa wote. Ulanga ulipokosa bei, wenye kampuni wakaondoka, wakayaacha mashimo wazi. Baba alipaka mawe haya mpaka mikono ilipomshinda, kisha akaniachia mimi. Mvua ikiosha chokaa, narudia. Sitaki siku moja baba yangu akumbukwe kwa mtoto aliyevunjika shingo."

Jioni mama alisikia habari zote, kwani Redio alikuwa ameshatangaza mji mzima. Alimkalisha Mpelelezi jikoni, akamwita na kinyozi, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yake.

"Ndoo nilimpa mke wake mimi mwenyewe wiki iliyopita, yao ilitoboka," mama alisema. "Ungeniuliza, ningekujibu kwa sentensi moja."

"Ulikuwa umechoka, mama."

"Nilikuwa nimechoka, sikuwa bubu. Sikiliza, mwanangu. Kuwa na macho makali si kosa, na mimi sitaki uyafumbe. Kosa lako ni kumhukumu mtu kimoyomoyo na kumpa adhabu, naye hajui hata kama ameshtakiwa. Ukimshuku mtu, uliza. Ukifika mahali pageni, usihamishe kitu kabla hujajua kimewekwa kwa nini. Na ukikosea, fanya kama ulivyofanya leo: useme mapema, hata kama ulimi ni mzito. Hilo ndilo lililomwokoa mdogo wako."

"Na sisi wenyeji tuna letu," aliongeza kinyozi. "Aliniuliza asubuhi natoka wapi, nikamjibu shughuli zangu. Tumeyazoea mawe haya mpaka tunadhani kila mtu anazaliwa akiyajua. Wageni mmekuja, mmepewa ndoo ya maji na pole ya safari, na hakuna aliyewaambia habari za mashimo."

Tangu hapo, baada ya kila mvua kubwa, watu wawili walipanda mlima asubuhi na ndoo ya mfuniko mwekundu. Mpelelezi alijifunza shimo lipi lilichimbwa na babu wa nani, lipi lina maji na lipi ni kavu, na jinsi ya kuuchuna ulanga mpaka ubaki ngozi nyembamba unayoweza kuona jua kupitia kwake. Tumbo naye, ukimwambia "jiwe" hata akiwa mezani, aliganda na kijiko mdomoni.

Siku moja wakishuka mlima walikuta lori limesimama mtaani, linashusha vitanda na masufuria. Mvulana mmoja wa umri wa Mpelelezi alikuwa amekaa juu ya godoro, anawachunguza. Aliitazama ndoo. Akaitazama mikono ya Mpelelezi, myeupe hadi viwiko. Macho yake yakawa madogo kwa shaka.

"Unatoka wapi asubuhi yote hii?" aliuliza.

Kinyozi alikohoa kuzuia kicheko. Mpelelezi aliweka ndoo chini, akamnyooshea mkono.

"Vaa viatu," alisema. "Nitakuambia yote tukiwa njiani."